Salama, Ila

Ipo nchi moja, na nasema ipo kwa sababu hakuna aliyeripoti kwamba imeondoka. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Serikali yake iliagiza ifutwe kwenye ramani zote, kwa hoja kwamba adui asiyeijua njia hawezi kufika. Hoja hiyo haina kasoro. Tangu siku hiyo hakuna adui aliyekuja. Watalii nao hawakuja, wala meli ya ngano, lakini la muhimu ni kwamba adui hakuja.

Watu wa nchi hiyo wana adabu kuwashinda majirani zao wote, na adabu yao imekaa kwenye salamu. Ukimuuliza mtu wa huko hali, jibu la kwanza ni moja tu: salama. Yanayofuata ndiyo habari yenyewe. "Salama, ila nyumba imeungua." "Salama kabisa, ila ndiyo tunatoka kuzika." Wanasimulia juu ya bwana mmoja aliyetumbukia kisimani. Jirani alipochungulia na kumuuliza hali, akajibu kutoka kule chini, "Salama, za kwako?" Wakaulizana habari za watoto, za mbuzi na za mvua, wakamaliza. Ndipo akasema, "Ila naomba kamba."

Mgeni ataona huko ni kupoteza wakati. Wenyewe wanaona kwamba mtu anayetanguliza balaa mbele ya salama hakulelewa, na balaa la mtu asiyelelewa linaweza kusubiri zamu yake.

Mpango huo haukumdhuru mtu kwa miaka mingi, kwa kuwa kila aliyeuliza alijua kungoja. Aliuliza, akajibiwa salama, akanyamaza kidogo, na ila ikaja yenyewe kama kuku anayejua banda lake.

Kisha ikaja Wizara.

*

Katika nchi ya baridi iitwayo Skandovia kulikuwa na baraza la kimataifa ambalo kila mwaka lilizipanga nchi zote kwa usalama, kuanzia ile iliyo salama kupita zote hadi ile ambayo wajumbe wa baraza hawakubali kuikanyaga bila kuandika wosia. Nchi yetu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ilikuwa kisiwa kilichokwisha kuzama.

Mkuu wa nchi alikasirika. Akachukua jeshi, polisi, zimamoto, magereza, hospitali na zahanati zote, akavifunga furushi moja na kuliita Wizara ya Usalama wa Kila Kitu. Risasi na homa, alisema, zote huingia mwilini bila kibali, kwa hiyo ni kesi moja.

Waziri aliyeteuliwa alikuwa Jenerali Daktari Lwambano. Ujenerali aliupata jeshini. Udaktari alitunukiwa na chuo kimoja kwa kukilinda siku wanafunzi walipogoma. Alikuwa mtu wa wima. Alihutubia wima, alisoma majalada wima, alikula wima, na ndani ya ndege alisafiri amesimama huku ameshika kamba. Watu walisema huo ndio ukakamavu wa askari, na makatibu wote wa Wizara wakaondoa viti ofisini ili wasionekane walegevu.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya kuapishwa, "mwili ni nchi. Ngozi ni mpaka. Pua ni vituo viwili vya forodha, na ninyi mmeviacha wazi usiku na mchana. Kuanzia leo hakuna mtu atakayeugua bila sisi kujua, na hakuna atakayejua bila sisi kuruhusu."

Watu walipiga makofi, kwa sababu waliokaa mbele walipiga.

Mageuzi yakaanza wiki hiyo hiyo. Wauguzi walipewa vyeo na buti. Chupa za dripu zilipakwa madoadoa ya kijani na kahawia ili ndege za adui zisizione, na kweli hazikuonekana tena, hata na wauguzi. Vipimajoto viliandikishwa kuwa vyombo vya ujasusi, kwa kuwa huingia mahali pa siri, hukaa kimya, kisha hutoka na habari.

Lakini mhimili wa mageuzi yote ulikuwa Chumba cha Hali. Humo alikaa askari mmoja, Koplo Sudi Nambega, mbele ya simu ya upepo iliyounganishwa na vituo mia tatu na kumi na viwili: kambi, mipaka, magereza na zahanati. Kila siku saa mbili asubuhi aliviita kimoja kimoja, vingine vyote vikisikiliza. "Kituo namba moja, hali?" Kikijibu, anaandika, anakwenda namba mbili.

Siku ya kwanza kazi ilianza Jumatatu na kwisha Jumatano. Koplo Sudi alipeleka kwa Waziri ripoti ya kurasa mia nane, akiibeba kwenye toroli la bustani.

Waziri aliifungua, wima. Akasoma ukurasa, akaruka kumi, akasoma mwingine.

"Koplo, hili neno la kwanza ni lipi?"

"Salama, mheshimiwa."

"Wote wameanza nalo?"

"Wote, mheshimiwa. Hata gereza la Mkungunde, ambalo halina paa."

"Na huu mkia mrefu unaofuata?"

"Huo ndio habari, mheshimiwa."

"Hapana," alisema Waziri. "Huo ni umbea. Habari ni neno la kwanza."

Kesho yake fundi alikuja kufunga kitufe chekundu. Kituo kikishatamka neno lake la kwanza, Koplo Sudi anabonyeza, sauti inalia tii, na sauti ya kituo imekatwa mpaka kesho, kibaki kusikiliza tu. Vituo vyote vikaisha kwa dakika kumi na moja. Ripoti ilikuwa ya nusu ukurasa. Ikapelekwa Skandovia, na mwaka huo nchi yetu ikawa ya kwanza duniani.

Skandovia yenyewe ilishuka mpaka ya arobaini, maana watu wa huko ukiwauliza hali wanakuambia: goti, jirani, baridi, mbwa wa jirani. Nchi yetu ilipowasikia iliwahurumia. Waziri alitangaza kwamba taifa lililo salama halilimbikizi dawa, kwani kulimbikiza dawa ni dalili ya woga. Chanjo zote, bandeji zote na vidonge vyote vilipakiwa kwenda kuwasaidia Waskandovia. Waziri alisimama gatini akilia kwa ajili ya ubinadamu. Kila zahanati ililetewa cheti cha shukrani, chenye picha ya theluji.

*

Kituo namba kumi na nne kilikuwa zahanati ya Kinyakuzi. Muuguzi wake aliitwa Mwantumu, kwa cheo Luteni, na ndani ya buti zake alipanda bizari kwa kuwa zilikuwa kubwa na zina kina kizuri.

Jumatatu moja asubuhi shemeji yake alikuja akichechemea. Huyu aliitwa Chande, mdogo wa mumewe na kinyozi wa pekee Kinyakuzi, mtu mfupi mwenye maneno marefu.

"Shemeji, habari za tangu jana?" alisema Mwantumu.

"Salama," alisema Chande, akishika mwimo wa mlango. "Wazima humu?"

"Wazima. Kazi inakwendaje?"

"Kazi salama. Vichwa vinaota. Ila Sajini ameniuma."

"Sajini yupi?"

"Yule mwenye mkia."

Sajini Radi alikuwa mbwa wa kizuizi cha barabarani, mtumishi wa umma kwa miaka sita. Mwantumu alikunja suruali ya Chande akaona meno manne kwenye shavu la mguu. Akamkalisha bombani, akaanza kuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaosha, akaosha, robo saa nzima.

"Unanitibu au unanifua?" aliuliza Chande.

"Nakufua. Ungekuwa umeoa usingeniletea mimi."

"Nani aolewe na mtu anayeumwa na serikali?"

Mwantumu alicheka. Kisha akauliza kama kwa kupitia tu, "Huyo Sajini siku hizi yukoje?"

"Salama. Ila tangu Ijumaa anatafuna nguzo ya bendera. Mate yanamtiririka, na ndoo ya maji akiiona anaikimbia."

Mwantumu aliacha kucheka. Alifunga bomba.

"Nisikilize, Chande. Hicho ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Unapanda taratibu kutoka hapa mguuni kwenda kichwani. Chanjo ikiukuta njiani, ugonjwa umekwisha. Ukifika kichwani kabla ya chanjo, hakuna daktari wa kuurudisha, wa hapa wala wa Skandovia."

Chande alitazama mguu wake, halafu akajipima kwa macho kwenda juu.

"Ni mbali?"

"Kwako? We mfupi," alisema Mwantumu, lakini alisema akitazama pembeni.

Kwenye kabati la chanjo kulikuwa na cheti chenye theluji.

Alikwenda kizuizini kuomba mbwa afungwe. Konstebo wa zamu alimsikiliza kwa heshima zote. "Mama, mbwa wa serikali hana kichaa mpaka bodi ithibitishe. Na mimi ni konstebo, yule ni sajini. Nitamtoleaje ushahidi mkubwa wangu? Hata akipita hapa natoa saluti." Wakati huo huo Sajini Radi akapita akitafuna kibao cha "Simama", na konstebo akatoa saluti.

*

Jumanne, saa mbili na dakika moja, simu ya upepo iliita.

"Kituo kumi na nne, hali?"

"Salama, ila tuna..."

Tii.

Jumatano alijaribu mbio. Alivuta pumzi mapema akayaunganisha maneno yote: "Salamailambwamwenyekichaa..." Koplo Sudi alikuwa na kidole chenye uzoefu wa miaka miwili. Tii ililia kwenye silabi ya tatu.

Alhamisi Sajini Radi alikufa. Alizikwa kwa mizinga mitatu, na cheti cha kifo kilitaja uzalendo uliopitiliza. Sasa hapakuwa na shaka tena.

Chande aliendelea kunyoa. Kila asubuhi alichukua chaki na kuchora mstari mguuni pale alipokisia kwamba ugonjwa umefika. Jumanne mstari ulikuwa chini ya goti. Alhamisi ulikuwa pajani.

"Huwezi kuuhisi, shemeji," alisema Mwantumu. "Hauna miguu."

"Wewe niache na ramani yangu. Nchi yenyewe haina." Akapiga chafya, wakatazamana, ikawa chafya ya kawaida tu. "Lakini kwa nini usimwambie moja kwa moja? Akiuliza hali, sema si salama."

Mwantumu alimtazama kana kwamba ameambiwa avue kanga sokoni. "Mama yangu yu hai, Chande. Zahanati ya kwao nayo ina simu ya upepo, na saa mbili huwa anakwenda pale kunisikia."

Hata hivyo Ijumaa alijaribu. Alisimama mbele ya simu, mikono ameifunga nyuma, amekaza meno. Alikuwa amelala akilirudia neno lile.

"Kituo kumi na nne, hali?"

Alifungua kinywa kusema si. Ulimi ulilelewa miaka thelathini na minane kabla ya kusikia habari za Wizara. Ukasema, "Salama."

Tii.

Mchana alikwenda kibandani kwa Chande ili asikae peke yake. Mstari wa chaki ulikuwa kiunoni, umechorwa juu ya shati. Chande alikuwa akimnyoa mzee mmoja muuza mkaa. Alimuuliza tu, "Habari, mzee wangu?" Mzee akasema salama, halafu ila, na ila ile ilianzia kwenye punda, ikapita kwa mkwe, ikafika mwisho wa kisogo bado haijapata breki. Alipoondoka, Chande alikung'uta shuka.

"Ndivyo walivyo wote," alisema. "Mtu akishaulizwa hali hajizuii. Sijui wanaulizwa na nani majumbani. Hata mkubwa gani, mkalishe hapa, muulize, nyamaza. Nitamaliza ndevu na nyusi, yeye ndiyo kwanza anafika kwa mkwe."

Mwantumu alimshika mkono wenye shuka.

"Chande. Yule wa simu ya upepo. Hali yake huwa anaulizwa na nani?"

*

Jumamosi hakungoja kuulizwa. Koplo Sudi alipomaliza kituo cha kumi na tatu na kuvuta pumzi, Mwantumu alibonyeza kitufe cha kusemea kwanza.

"Chumba cha Hali, hapa Kituo kumi na nne. Habari za asubuhi, kaka? Wewe hali yako?"

Tii haikulia. Kitufe chekundu kilikata kituo kinachojibu. Hakikutengenezwa kwa kituo kinachouliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kituo kinaweza kuuliza. Na Koplo Sudi naye alikuwa na mama.

"Salama," ilisema sauti.

Mwantumu akangoja. Vituo mia tatu na kumi na kimoja vikangoja naye. Gereza la Mkungunde lilinyamaza mpaka ikasikika mvua ikinyesha ndani.

"Ila," alisema Koplo Sudi.

Ila yake ilichukua dakika arobaini. Mgongo ulimuuma, kwa kuwa kiti chake kiliondolewa pamoja na vile vya makatibu. Jino lilimuuma tangu mwaka wa kwanza wa Wizara. Mkewe alirudi kwao: alikuwa akianza kuzungumza, neno la kwanza likitoka kidole cha Koplo kilibonyeza chenyewe, hata kama hapo mbele kulikuwa na sahani ya maharage. "Lakini kubwa, dada, ni hizi ila zenu. Kila siku nakata ila mia tatu na kumi na mbili. Zinanirudia kichwani bila mikia. Ila, ila, ila. Sijui hata moja ilitaka kusema nini."

"Pole, ndugu yangu," alisema Mwantumu.

"Pole," vilisema vituo vyote ambavyo havijakatwa, kimoja baada ya kingine, na hilo peke yake lilichukua robo saa.

Koplo Sudi alipenga kamasi. "Asanteni. Na wewe dada, hali?"

"Salama."

Kidole kilipanda juu ya kitufe. Kikakaa hapo hewani. Kumkata mtu aliyekupa pole dakika hiyo hiyo ni jambo ambalo hata Wizara haikuwahi kuliwekea kanuni.

"Ila?" aliuliza Koplo Sudi.

Akamwambia yote: mbwa, meno manne, mizinga mitatu, mguu, kichwa, kabati. Koplo alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Dada, fomu ya kuomba dawa ilifutwa. Nchi salama haiombi dawa. Nimebakiwa na fomu moja tu humu."

"Ipi?"

"Fomu namba moja. Tangazo la vita."

"Ijaze," alisema Mwantumu.

Karatasi ilisikika ikikunjuliwa. "Jina la adui?"

"Kichaa cha mbwa."

"Yuko nje ya mipaka au ndani?"

"Ndani."

"Ameteka eneo gani?"

"Mwambie kiunoni," alinong'ona Chande, aliyekuwa amesimama nyuma na chaki yake.

"Mguu wa kushoto," alisema Mwantumu.

"Lengo lake?"

"Kufika makao makuu."

"Makao makuu ni wapi?"

"Kichwa cha shemeji yangu."

"Kina umuhimu wa kimkakati?"

Mwantumu aligeuka akakitazama kichwa chenyewe. "Kwetu sisi, ndiyo," alisema.

"Silaha inayohitajika?"

"Chanjo. Dozi nne. Zikae kwenye baridi, zisipigwe jua."

*

Zamani kuomba dawa kulihitaji sahihi kumi na tisa, na miezi kumi na minne kama waweka sahihi wote wako hai. Vita vinahitaji muhuri mmoja, na muhuri huo hauruhusiwi kukauka. Saa nne ndege ya kivita ilikuwa angani kuelekea Skandovia. Ilikuta sanduku la chanjo halijafunguliwa, utepe wa upendo bado umefungwa juu. Mskandovia mwenye stoo aliuliza kulikoni. Rubani alijibu kwamba ni siri ya kijeshi, na Mskandovia akaomba radhi kwa kuuliza.

Jumapili adhuhuri Kinyakuzi ilivamiwa na waokozi. Zilikuja helikopta mbili, vifaru vitatu, kombania nzima na bendi ya tarumbeta. Kapteni mmoja alibeba kisanduku cha barafu kilichofungwa kwa mnyororo kwenye kifundo cha mkono wake. Askari walikizingira kibanda cha kinyozi. Kapteni alipiga goti, akaelekeza kipaza sauti kwenye shavu la mguu wa Chande.

"Umezingirwa. Toka nje bila silaha."

"Afande, msipige risasi," alisema Chande. "Na mimi naishi humu humu."

Mwantumu alipasua umati, akafungua kisanduku, akavuta dawa kwenye sindano, akamchoma Chande begani.

Kapteni alishtuka. "Luteni, adui yuko mguuni. Wewe unashambulia bega?"

"Tunamtangulia njiani, afande."

Kapteni alitoa kijitabu akaandika. Mbinu hiyo hivi sasa inafundishwa katika chuo cha maofisa.

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Chande akafuta chaki kiunoni kwa kiganja, halafu akaketi chini ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba, akawaomba watu wasimtazame kidogo.

*

Sasa kumbuka kwamba vituo vyote vilikuwa vimesikia.

Jumatatu, "Kituo namba moja, hali?" "Salama, ila tunatangaza vita dhidi ya malaria." Koplo Sudi hakubonyeza. Namba mbili ilitangaza vita dhidi ya kuhara na kuomba risasi za maji ya chumvi na sukari. Namba tisa iliomba kifaru cha kujifungulia, na jeshi, ambalo halijawahi kukosa kifaru, lilileta vitanda viwili vya uzazi vyenye rangi ya kijeshi. Gereza la Mkungunde lilitangaza vita dhidi ya mvua. Likapewa paa.

Baada ya wiki mbili serikali ilikuwa inapigana vita mia tatu na kumi na viwili katika ardhi yake yenyewe, na vingi ilikuwa inashinda.

Habari zikafika Skandovia. Baraza halikuwahi kuona nchi yenye vita vingi namna hiyo tangu dunia ianze kuandikwa. Nchi yetu ikateremshwa hadi ya mwisho kabisa, chini ya kile kisiwa kilichozama, ambacho hivi karibuni maji yakipwa kilikuwa kinachungulia kidogo.

Jenerali Daktari Lwambano aliitisha mkutano wa hadhara, utakaosikika kwenye redio nchi nzima. Angetangaza kwamba vita vyote vimekwisha, dawa zote zinarudishwa Skandovia jioni hiyo, na nchi inarudi katika hali yake ya salama. Chande aliletwa akae jukwaani kama majeruhi wa vita vya kwanza. Mwantumu alimfuata, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya dozi ya nne, na dozi ya nne ilikuwa ndani ya kisanduku miguuni pa Kapteni, imekwisha kufungwa utepe wa safari.

"Shemeji," alinong'ona Mwantumu, "zikiondoka jioni, na hii yako inaondoka."

"Nimeona," alisema Chande.

Waziri alipanda jukwaani. Viti vyote vilikuwa vitupu mbele yake, naye akasimama. Alikunjua hotuba ya kurasa sitini. Koplo Sudi alisimama kando na kitufe chake, amewekwa hapo kwa tahadhari. Waziri alikohoa, na kabla hajatamka neno, majeruhi wa vita alimsogelea kama anavyomsogelea mteja aliyeingia kibandani.

"Mheshimiwa, shikamoo. Habari za siku nyingi? Hali yako?"

Redio zote ziliisikia salamu hiyo. Waziri alimtazama, akatazama umati. Hata yeye alizaliwa huku huku.

"Marahaba. Salama," alisema, na akamgeukia Koplo Sudi ili akate.

Koplo Sudi alikuwa ametia mikono yote miwili mifukoni.

Hakuna aliyekohoa. Chande alinyamaza kama kinyozi. Nchi nzima ilingoja, kama ilivyofundishwa na mama zake.

Waziri alishusha karatasi zake. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ila," alisema.

Umati ulisogea hatua moja.

"Ila mwaka wa tatu huu sijaketi."

"Pole, mheshimiwa," alisema Chande kwa sauti ya chini. Watu wote uwanjani wakasema pole. Waziri akaendelea. Alisimulia mito aliyoijaribu, na safari za ndege akiwa ameshika kamba, na karamu ya mabalozi ambayo aliimaliza ameegemea nguzo. Alisema kwamba dawa yenyewe ni ya kupaka tu, kitu kidogo, lakini alipokwenda kuitafuta stoo ya Wizara alikuta cheti chenye theluji. Wakati amefika kwenye karamu ya mabalozi, Mwantumu alikuwa amekata utepe, amefungua kisanduku, amemchoma Chande begani dozi ya nne, na amepangusa kwa pamba. Kapteni alimuona. Kapteni alikuwa analia.

Waziri alipomaliza, Koplo Sudi alitoa mkono mmoja mfukoni. Ulikuwa umeshika karatasi. Aliikunjua juu ya mgongo wa Kapteni, akalowesha ncha ya kalamu ulimini, na kusogeza kipaza sauti karibu.

"Jina la adui, mheshimiwa?"

"Bawasiri," alisema Waziri.

"Ndani ya mipaka au nje?"

Waziri alifikiri, kwa uaminifu wote. "Siku nyingine ndani, siku nyingine nje."

"Ameteka eneo gani?"

Jenerali Daktari Lwambano alinyoosha mabega, akatazama mbele kama askari.

"Mpaka wa kusini," alisema.